Kazi ya Marehemu

Karani aliandika "Hana"
pale fomu ilipouliza kazi ya marehemu.
Hakutuuliza mara mbili. Foleni ilifika nje,
feni imekwama, na kalamu yenyewe ilikuwa yetu.

Nikarudi Keko, nikalishusha bati la biskuti
kutoka juu ya kabati. Kutu imemla farasi wa kifuniko
akabaki kwato na mkia.
Nikazimwaga karatasi mkekani.

Humo kila mtu kaliandika jina lake kwa sikio lake.
Sikudhani kwenye cheti cha ndoa,
Sikuzani kwenye kadi ya kliniki,
Bwana S. Dhani kwa mwenye nyumba wa Gerezani
aliyemkatia risiti ya shilingi kumi na mbili
kana kwamba amempangisha mwanamume.
Mwaka wa kuzaliwa upo mara tatu, haufanani.
Shangazi Chausiku anasema Mama alizaliwa
mwaka ule mihogo ilipoozea ardhini, Maneromango,
wazazi wameshakata tamaa ya mtoto,
ndiyo maana ya jina.
Fomu haina kisanduku cha mihogo.

Kadi ya ugawaji: sukari kilo moja, sabuni nusu mche,
mihuri ya zambarau imevujiana.
Picha ya pasipoti, imekatwa, limebaki bega la mtu wa pili.
Risiti ya wodi ya wazazi, siku nne,
na mahali pa jina la mtoto, mstari mtupu.
Hiyo Shangazi aliichukua, akaikunja ikawa ndogo kabisa,
akaniambia nikabandike chai.

Niliporudi alikuwa ameshika daftari.

Bibi hakujua kusoma. Ndivyo tulivyokua tukiambiwa.
Lakini alikuwa kijumbe wa upatu miaka kumi na tisa,
na daftari ni lake, limeshonwa upya kwa uzi wa ukili.
Samaki ni Bi Havijawa wa Feri.
Sindano ni fundi Kombo.
Nyota ni Mwamvita, aliyefagia hospitali zamu ya usiku.
Mguu mmoja ni Mzee Ngwale,
wa pili aliuacha relini.
Mbele ya kila alama, vijistari, wiki kwa wiki,
vimesimama kama meno ya kitana.
Hakuna wiki iliyorukwa.
Hata wiki ile ya wodi: vimeinama kidogo,
lakini vipo.

Kikombe kisicho na mkono hatukijui.
Wiki thelathini na moja
mbele ya kikombe hakuna wino, kuna mkaa.
Shangazi akapitisha kidole, akakitazama kilivyoingia weusi.
"Hapa kalipa yeye," akasema. "Maandazi hayo."
Nikauliza alikuwa akimlipia nani.
"Angetaka tujue, angechora uso."
Akanywa chai yake, imepoa, hakulalamika,
na mimi nikakumbuka harufu ya alfajiri ile nyumbani,
mafuta yanachemka bado kuna giza,
nikidhani ni kwa ajili yetu tu.

Jumatatu nilirudi kwa karani.
Kurekebisha taarifa kunataka kiapo, picha mbili, na ada.
"Tuandike nini?" akauliza, kalamu juu.
Nikasema, kijumbe.
Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, hiyo ni kazi?"
Nikatoa daftari, nikamfungulia penye mkaa.
Alilitazama muda mrefu kuliko foleni ilivyotaka.
Mtu nyuma yangu akakohoa.
"Mama yangu pia alikuwa na alama," akasema,
"kwa mama mmoja wa Chang'ombe. Jembe, nafikiri."
Kisha akanirudishia, na kunitajia ada ileile.

Sikuwa nayo siku hiyo.
Cheti nimekiweka batini, chini; daftari juu yake.
Kifuniko hakishiki tena.
Nimelifunga kwa mpira wa baiskeli,
fundo lilelile la Bibi, linalofunguka kwa jino.