Jiwe la Ukuta wa Jikoni

Mwalimu Uulkan aliingia na theluji begani
na jiwe ndani ya mkebe wa chai.
"Msiliguse," akasema. "Lina lake la kusema."

Kipimo alikiazima kwa walinzi wa bwawa la taka,
kisanduku cha kijani chenye kidirisha
chembamba kama ganda la kitunguu.
Kilipolikaribia jiwe kikaanza,
tik, tik-tik, tikitikitiki,
dengu zikimwagika juu ya bati.

"Karatasi," akasema, na mkono wake
ukaangukia mtihani wangu wa Kirusi,
alama thelathini na moja kwa mia.
Akaukinga kati ya jiwe na kipimo.
Sauti ikapungua. Darasa likacheka:
mtihani wa Jildiz umefaa kitu!

"Mliyoizuia ni alfa.
Protoni mbili, nyutroni mbili, zimeshikana mikono,
nzito, zenye chaji, zinagombana na kila chembe ya hewa
na kuchoka kabla ya kuvuka upana wa kiganja.
Ngozi yako inazitosha."
Akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.
"Ila msizimeze. Msizivute pamoja na vumbi.
Mgomvi akiwa nje ni kelele tu.
Mlaze ndani, uone atakavyovunja vyombo."

Nikamkumbuka mama, akifagia.

Kisha mfuniko wa sufuria, wa alumini,
bado unanuka mafuta ya kondoo.
Huo ulikuwa wa beta:
elektroni iliyotimuliwa na kiini,
nyepesi, mbio kuliko fikira,
karatasi kwake si ukuta, ni ukungu.
Sumaku ikiivuta, inapinda ghafla;
alfa hupinda upande wa pili, shingo upande, kwa uzito wake.
Kaka yangu Kubat aliondoka hivyo,
begi moja, basi la alfajiri,
kwenda kupanga matofali Yekaterinburg,
na sisi hatukuwa hata na mfuniko wa kumzuia.

Tik.
Tulidhani imekwisha.
Tik.

Mwalimu akatoa bamba la risasi la betri ya lori,
Nurdin akalibeba kwa mikono miwili, uso umemwiva.
Risasi nyingine huua; hii ilikuwa ngao.
Tik,
kimya kirefu,
tik.

"Na hiyo ni gama. Haina uzito. Haina chaji.
Sumaku haina la kuiambia.
Ni mwanga tu, ila macho hayakualikwa.
Ongeza risasi, itapungua nusu,
ongeza tena, nusu ya hiyo nusu.
Kwisha kabisa, sijawahi kuiona ikiisha."

Nurdin akauliza jiwe lilitoka wapi.
Mwalimu hakumjibu Nurdin. Alinitazama mimi.

Alikuwa amekunywa chai kwetu Jumapili.
Alikaa karibu na tanuri, akasifu mkate,
na mama akamruhusu achukue jiwe moja lililolegea,
"kwa ajili ya somo," akasema, "la miamba."
Nyumba ile baba aliijenga mwaka niliozaliwa
kwa mawe ya chini ya mgodi, ya bure,
yaliyochongeka vizuri, yanayokaa sawa.
Alijivunia kwamba hakununua hata moja.

Jioni nilimkuta amechuchumaa mbele ya tundu,
anaziba kwa gazeti alilolikunja mara nne.
"Upepo," akasema.
Nikamwambia gazeti linatosha kwa alfa.
Akaendelea kushindilia kwa kidole gumba.
Nikamweleza urani: kwamba nusu yake huondoka
kwa miaka bilioni nne na nusu,
na ile nusu iliyobaki huanza kuhesabu upya.
Akacheka kidogo, kwa pua. "Basi hata deni la benki lina huruma."

Halafu, bila kugeuka: "Na hizo nyingine mbili?"

Sikuwa na risasi. Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Nilishika upande mmoja wa kitanda cha mama,
yeye akashika wa pili,
tukakisogeza mpaka ukuta wa mbali,
hatua sita,
na mama, akiwa na unga mikononi, akauliza
nani ametuambia tuhamishe vitu usiku.