Klachi ya Mkononi

Kigari chetu kina silinda mbili
na rangi ya haradali iliyokaukia kwenye kijiko.
Injini iko nyuma, mizigo mbele,
kama mtu aliyevaa koti kinyumenyume kwa haraka ya kuwahi zamu.
Baba alikingoja miaka sita kwenye orodha ya serikali.
Mama alipenda kusema: Bernadeta nilimbeba miezi tisa tu,
na bado huyu mwingine ndiye aliyepewa gereji.

Hapa Ruda theluji hutoka mawinguni nyeupe,
ikapita kwenye dohani za mgodi,
ikatufikia na rangi ya maji ya kuoshea sufuria.
Januari moja waya wa stata ulikatika.
Baba akazunguka nyuma, akafunua kifuniko,
akaisukuma stata kwa mpini wa ufagio
huku mimi, wa miaka tisa, nimekanyaga mafuta kwa miguu yote miwili.
Kikakohoa. Kikatema. Kikakubali.
Waya mpya ulipatikana theluji ilipoyeyuka,
ila mpini haukurudi jikoni.
Na mkanda wa feni ulipokatika tukielekea Żywiec
mama alivua soksi zake za nailoni palepale kando ya njia,
bila neno,
akasafiri na gazeti magotini
hadi kwa shangazi.

Kisha mgodi ukachukua mguu wa baba,
wa kushoto, chini kidogo ya goti.
"Muuzie Alojzy," alisema kitandani hospitali.
"Uliokwenda ndio mguu wa klachi."
Hakulia. Alitaja bei.

Mimi sikumjibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na cheti cha uchomeleaji ambacho wino wake haujakauka.
Niling'oa kapeti, nikaiona barabara:
kutu ilikuwa imekula sakafu upande wa dereva.
Nikaziba kwa kibao cha Marufuku Kuegesha
(usiniulize nilikitoa wapi).
Leva niliing'oa kwenye pikipiki ya kaka.
Waya wa kwanza ulikatika.
Wa pili ulinata, gia ikapiga yowe
hadi jirani wa ghorofa ya nne akafungua dirisha kututukana.
Siku ya kumi na moja nikaifunga leva kwenye fimbo ya gia yenyewe,
kiganja kibane, mkono uleule usukume,
na Alojzy, pesa zake tayari mfukoni,
ndiye aliyenishikia tochi.

Baba alikizima mara tatu kabla ya kutoka uani.
Mara ya nne akapotelea nyuma ya bohari la makaa.
Tulisimama. Supu ikapoa.
Mama akaanza kuhesabu dakika, akaacha.
Aliporudi kulikuwa giza, matope yamefika kwenye taa;
akasema gia ya pili inakwaruza,
akaomba spana.

Sasa ni changu. Mwaka jana alikuja kijana wa Katowice,
glavu safi, orodha mkononi.
Atalipa maradufu, anasema, nikirudisha kanyagio la asili,
vioo vya asili, kila skrubu kama kilivyotoka kiwandani.
Nikamwonyesha leva, ngozi niliyoizungushia imelika
pale kilipokaa kidole gumba.
Nikamwambia, hii ndiyo asili.
Hakuelewa, nami sikuwa na haraka.

Jumapili nakwenda nacho makaburini kwa spidi ya arobaini,
malori yakinipigia honi,
mkono wa kulia ukifanya kazi ya wawili.
Mguu wangu wa kushoto nauweka juu ya kile kibao,
umeegeshwa pasiporuhusiwa.