Dirisha la Tatu

Mchoro wa mkandarasi unasema: dirisha la tatu, lizibwe.
Mstari mwekundu, mshale, idadi ya matofali.
Fundi wa kuziba ni mimi.

Stesheni ya Kalumbwa haikupata kuwa kubwa.
Ukitoka Tabora mjini, karanga za kifukoni hazijaisha
umefika: nyumba ya mawe, vigae vya Mjerumani,
na tanki lililonywesha injini za moshi,
ambalo tangu dizeli ije linanywesha nyuki.

Madirisha ya tiketi ni matatu.
La kwanza lina ubao wa mninga wa kuegemeza kiwiko.
La pili liko usawa wa kifua.
La tatu liko huku chini, usawa wa kiuno changu,
na mimi si mrefu, wanangu wote wamenipita.

Babu Nkinda alilijenga hilo la tatu,
saidia fundi, ujira wake rupia na chumvi ya Uvinza.
Akamwuliza nyapara, "Mbona uzi umeshuka?"
Nyapara akamjibu, "Daraja la tatu wakiinama
hawatahesabu chenji."
Ndivyo ilivyosimuliwa kwetu.
Shangazi Mwashi anakataa. Anasema uzi ulilegea tu,
babu alikuwa ameonja pombe tangu asubuhi.

Mimi nimeinama hapo.
Mama na debe lake la asali,
treni imechelewa siku mbili,
tumelala sakafuni, mto wetu mfuko wa uyoga mkavu.
Kidirisha kikifunguliwa tunaona vidole na kikombe cha chai.
Miaka mitano nilisafiri kwa vidole vile
kabla sijajua kuwa vina uso,
na kuwa uso huo ni wa Bwana Ruhwanya, Muha wa Kasulu,
mwenye aibu kuliko mimi.

Kisha treni zikaacha kusimama.
Zikapita usiku, taa moja, honi moja,
kama mdeni anayepita dukani.
Nyasi zikaota kati ya mataruma.
Bati la jina likang'olewa likawa meza ya nyanya;
ukinunua fungu unasoma KALU,
MBWA iko chini ya vitunguu.

Sasa wamekuja na saruji, na kofia za manjano.
Nimekwangua kuta wiki tatu: kijani, njano, kijivu, chokaa,
na chini ya chokaa alama ya kiganja,
cha nani, ukuta hausemi.
Kwenye ufa wa dirisha la tatu nimetoa
senti nne zenye tobo, kijiti cha kiberiti,
na jino la mtoto.

Nikamwita mhandisi, Bi Nyanzobe.
Nilikuwa nimeandaa hotuba: babu, nyapara, uzi.
Hakuisubiri. Akapiga futi, akaandika,
akasema, "Mwenye kiti cha magurudumu atafika hapa.
Kule kwingine hafiki."
Akafuta mstari mwekundu kwa kidole gumba na mate.
Hotuba yangu ikabaki mdomoni kama mfupa wa samaki.

Siku ya kufungua, watu walijaa.
Tiketi wengi wamekata kwa simu.
Hakuna anayeinama kiunoni siku hizi,
wanainama shingoni, kila mtu na kidirisha chake.
Nilisimama pembeni na ndoo yangu,
nikitafuta kasoro za wenzangu. Zipo.

Ndipo mjukuu wa muuza nyanya, Shoma, miaka sita,
akaenda dirisha la tatu.
Hakuinama. Alisimama wima,
kidevu juu ya kizingiti, akagonga kioo:
"Treni ya Kaliua saa ngapi?"
Mle ndani kiti kikaburutwa.
Karani akakunja mgongo, akakunja tena,
mpaka uso wake wote ukaonekana,
masharubu, miwani na yote.

Rangi ilikuwa bado mbichi.
Nikamwambia mtoto asiegemee.