Viatu Vilivyobaki Songwe

Karatasi kutoka Dar ilisema hivi:
suti nyeusi, kucha fupi, manukato marufuku.
Maji chupa nne: mbili za baridi, mbili vuguvugu.
Mgeni asiguse kitasa.
Usiseme mpaka usemeshwe.
Na kwenye kibao usiandike jina la mtu, andika jina la meli.

Nikaliandika, kwa kalamu nene ya mwanangu.
Mimi, Anyosisye, mzaliwa wa Isongole,
ambaye maji mengi kuliko yote niliyokua nikiyaona
ni yale ya Ngozi, yametulia shimoni kama chai iliyosahauliwa,
nikasimama Songwe na jina la meli kifuani
kama mbeba picha ya marehemu.

Ukungu ulikaa uwanjani kama mwenye nyumba.
Ndege ikazunguka mara tatu, tukiisikia tu.
Mlinzi Mwaijande akasema, "Hiyo inarudi Dar."
Haikurudi.

Matajiri walitangulia, wanne na mbwa mmoja,
wakaingia gari la mbele, la Lusekelo.
Mbwa alifunguliwa mlango kabla ya mke.
Kisha akaja wangu:
Raya, binti wa Pemba, mhudumu wa vyumba vya melini,
shati jeupe, sanduku lililojaa nguo za watu wengine.

Nikapeleka mkono kwenye kitasa.
Naye akapeleka wake.
Mikono miwili, kitasa kimoja.
"Niwie radhi," akasema, "mazoea. Mie ndiye nifunguaye."
"Na mimi pia," nikajibu.
Nani aliufungua hatimaye, sikumbuki.
Najua alikaa mbele.

Mbalizi ndipo nilipoiona miguu yake. Mitupu.
Kule melini, akanieleza, hakuna akanyagaye na kiatu,
sitaha inafutwa kuliko uso wa mtoto,
mtu unavua bila kufikiri, kama mlangoni pa msikiti.
Basi alivua. Pale pale kwenye lami ya Songwe
akavipanga kisigino kwa kisigino,
akapanda gari,
viatu vikabaki vinatuaga.

Kurudi? Safari ya Matema ilihesabiwa kwa dakika.
Nikakata kona Mwanjelwa.
Suti nyeusi katikati ya mafungu ya mitumba!
Muuzaji akaniuliza kwa sauti ya chini nani kafariki.
Raya akapita viatu vya harusi, akapita raba,
akashika mabuti ya mvua, ya kijani, elfu nane.
"Umechagua vema," nikasema. "Mvua ya Tukuyu haina adabu."
Tukalipa nusu kwa nusu,
maana kila mmoja alidai kosa ni lake.

Kiwira akaomba tusimame, anunue ndizi.
Miezi minane baharini. Alishuka, akashika boneti.
"Nchi yenu inayumba."
"Haiyumbi, dada."
"Ndiyo hivyo. Yenyewe haiyumbi, ndipo mie nayumba."
Akala ndizi tatu amesimama, mabuti yamezama kwenye tope,
na maganda akayakunja vizuri kwenye leso,
kona kwa kona, asijue anafanya nini.

Baada ya Tukuyu tulinyamaza. Chai pande zote, mvua, chai.

Matema, kengele ndogo ililia kabla sijazima injini.
Akafunga kifungo cha juu, akabana nywele,
akavua mabuti kizingitini,
akaingia ndani bila kugeuka.
Sikuudhika. Hata mimi nisingegeuka.

Fomu ina mstari mmoja chini kabisa:
Je, kulitokea jambo lolote lisilo la kawaida?
Nikaandika: Hakuna.

Nilifika Songwe saa nne usiku.
Vilikuwapo. Mwaijande alivizungushia mawe manne
magari yasivikanyage, na hakutaka kuulizwa kwa nini.
Vyeusi, vidogo, vimelowa umande.

Nikafungua mlango wa nyuma.
Nikaviweka kitini, upande wa dirisha.
Nikaufunga taratibu, bila kishindo,
kama karatasi inavyotaka.