Konzi ya Chumvi

Mzee alipokufa, nchi ilikatwa kama mkate:
kaka zake wakala kiini,
Dobrogost akapewa ganda –
kinamasi, nyuki,
na daraja moja la magogo juu ya Warta.

Akalikalia daraja hilo miaka thelathini na mmoja.
Halikuvuka gunia la chumvi bila kumwachia konzi;
hata mjane Świętochna alilipa, akilaani kimoyomoyo.
Kwa konzi hizo Mtawala akajenga ukuta,
akamkomboa kifungoni kaka aliyemtoboa jicho.

Alikufa Januari. Ardhi chuma, majembe yakavunjika.
Tukamlaza ghalani, ndani ya chumvi,
kungoja theluji iyeyuke.

Siku ya Pasaka Świętochna akaja na bakuli.
"Konzi yangu," akasema. "Nimeifuata."

Ufunguo ninao mimi.
Nikampimia.