Inchi Tatu Kabla ya Paa

Kitabu cha kanuni kina uzito wa mtoto mchanga.
Nilikipakata mezani, Regina, mwezi wa Novemba,
nikilitafuta neno "choo"
kama mtu atafutaye jina lake
kwenye orodha ya waliofaulu.

Humo hamna "tafadhali".
Bomba litateremka. Mtego utabaki na maji.
Litateremka, utabaki: wakati ujao mtupu,
kana kwamba mwandishi alishafika huko
akarudi kutuambia.

Mimi nilitaka bafu la chini tu, jamani,
na chumba cha mpangaji, katika nyumba aliyoniachia mama.
Nilidhani maji yanajua kwenda.
"Yanajua," alisema Delorme, mkaguzi,
amepiga magoti na pimamaji yake ya njano,
"lakini yakikimbia mno huuacha mzigo nyuma,
yakijikokota hulala nao njiani.
Moja kwa hamsini, Bi Hnatiuk. Ng'oa."

Niling'oa.

Mara ya pili akatazama juu.
Akapanda darini, tochi mdomoni.
Kimya. Kisha sauti ikashuka tunduni:
"Hili bomba la pumzi, nani aliliweka?"
Baba. Mwaka sabini na moja.
"Jembamba hivi hadi nje?"
Sijui. Labda.
"Basi lilikuwa likiziba kila Januari."

Akanieleza huku akijipangusa vumbi la dari ndevuni.
Nyumba hupumua. Mvuke wake hupanda bombani,
hukutana na baridi ya arobaini chini ya sufuri,
huganda ukingoni, duara ndani ya duara,
hadi tundu liwe jicho la sindano,
halafu hata jicho lisiwepo.
Hapo ukivuta maji ya choo,
yale yanayoondoka, yakikosa hewa ya juu,
huyanyonya maji ya mtego wa sinki,
na mlango wa mtaro hubaki wazi usiku kucha.

"Harufu?" niliuliza.
"Ya mtaro. Wakati wa baridi tu."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Maana harufu ile naijua.
Ilikuja karibu na Krismasi yetu, ile ya tarehe saba,
ikaondoka na theluji.
Na mama, Mungu amrehemu, aliipa jina: Bohdan.
Baba alifanya kazi machinjioni.
Vua viatu huko huko. Soksi pia. Kaoge tena.
Akaoga gereji, kwa ndoo,
mvuke ukimtoka mabegani kama farasi wa plau.
Mezani alikaa upande wa mlango.
Sisi watoto tulibana pua, tukacheka.
Hakujitetea hata siku moja.
Nadhani aliamini.
Mtu akiambiwa ananuka, Januari kumi na tisa mfululizo,
huacha kujinusa.

Delorme alikifungua kitabu pajani,
kidole chenye sugu kikafuata mstari:
penye hatari ya kuzibwa na barafu
bomba litapanuliwa, lisipungue inchi tatu,
kabla halijatoboa paa.
Litapanuliwa.
Nilimwomba arudie. Akarudia,
akanitazama kama mtu anayesomea mgonjwa cheti.

Nilikata lile la zamani kwa msumeno wa chuma.
Ndani lilikuwa safi, kavu,
halina hata alama ya kosa lake.

Siku ya saini ilikuwa Jumanne, theluji ya kwanza.
Chini ya fomu kuna nafasi: maelezo mengine.
Nikaomba kalamu.
Nikaandika: Bohdan Hnatiuk hakuwa yeye.
Mkaguzi akasoma. Akaikuna shingo.
Hakufuta. Akapiga muhuri juu yake, kidogo upande,
kisha akauliza kama vali ya mtaro,
ile ya kuzuia uchafu usirudi ndani,
nimeshainunua
au bado.