Mlango wa Namba Nne

Vyumba sita vya mabati, nyuma ya posho mili, Malava.
Nilivijenga kwa bonasi ya miwa na mkopo wa Sacco;
mafundi walipoondoka nilisimama barabarani
nikavihesabu mara mbili, kama mtu na ng'ombe wake.
Nikadhani kodi huja kama mvua yetu ya saa tisa:
unatega ndoo tu, unangoja.

Hakuna aliyeniambia kwamba mpangaji wa huku
hulipa akilipwa,
naye hulipwa kaunti ikikumbuka.
Namba moja ni kinyozi, huleta sarafu ndani ya kopo la mafuta.
Namba mbili alihama usiku, akaniachia
godoro lenye ramani na ufunguo usio wake.
Namba tatu hunilipa mahindi.
Tano na sita, wacha tu. Tano na sita ni jamaa.

Namba nne ni Mwalimu Khavere wa chekechea,
yeye na mwanawe Mukolwe.
Miezi mitatu: elfu saba na mia tano.
"Mshahara uko njiani, Baba."
Njiani wapi? Hata lile trekta la miwa
lililozama matopeni hadi shingoni
lilishafika kiwandani, likarudi, likazama tena.

Basi tarehe tano, Sacco waliponitumia ujumbe,
na wangu pia ulikuwa wa tatu,
nilichukua bisibisi nikaung'oa mlango.
Ndiyo desturi. Humpigi mtu, humtukani,
unaondoa tu kilicho chako.
Alisimama na mwiko mkononi, ugali ukiungua,
asiseme neno. Jioni akatundika leso.
Jina la leso sikulisoma;
niliogopa linanihusu.

Mlango niliuegemeza jikoni kwangu,
upande wa ndani ukitazama nje.
Usiku, nikitafuta chumvi, tochi ikauangukia.

Penseli. Kuanzia chini:
Mukolwe, Januari. Mukolwe, Aprili, kidole kimoja juu.
Mukolwe, Agosti, na alama imefutwa ikashushwa;
nadhani alisimamia ncha za vidole akagunduliwa.
Kando yake, kwa mwandiko wa ubaoni,
tarehe zote alizonilipa, miaka miwili,
pamoja na mbili ambazo mimi
nilipokea na sikuandika.

Nikaleta daftari langu. Nikahesabu kwa kidole, kisha kwa punje za maharagwe.
Saba na nusu ikashuka, ikashuka,
ikakaa kwenye mbili na nusu.
Mwezi mmoja.
Mke wangu akauliza kutoka chumbani nahesabu nini usiku wa manane.
Nikasema panya.

Asubuhi niliubeba begani, foleni nzima ya posho mili ikitazama.
Skrubu moja imepotea, mlango umeinama,
mpaka leo ukifungwa hulalamika.
Nilikuwa nimeandaa maneno. Mwalimu hakuyangoja.
Aliugeuza kwanza,
akapitisha kiganja juu ya zile alama, moja moja,
kisha akaninyooshea mkono.
Si wa salamu.
"Risiti," akasema. "Ya Machi na ya Juni. Na utie tarehe."

Nikaandika nimechuchumaa kizingitini,
daftari gotini, Mukolwe amenishikia kalamu ya pili
endapo ya kwanza itakufa.

Simu ikalia mfukoni. Yule wa Sacco.
Nikamwambia, bila kuinua macho,
iko njiani.